Utepe Mwekundu, Kona ya Buluu

Chumba cha nyuma,
Karakana ya Sare za Shule,
Jumapili, 12 Juni.

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya miezi saba. Barua yako ya hongera ya uzazi ilinikuta mtoto akiwa na wiki tatu, na sasa ana meno manne na anayatumia. Si kwamba sikuanza kukujibu. Barua ya kwanza niliisinzilia, nikaamka wino umehamia shavuni. Ya pili mtoto aliitafuna kuanzia kwenye shikamoo, nikasema basi, heshima imefika tumboni mwake.

Vipi mguu wako? Vipi macho? Na kile kifaa cha masikio, unakivaa, au bado kimo kwenye droo kinasikiliza soksi? Ndiyo maana sikupigi simu. Haya ninayotaka kukwambia si ya kupigiwa kelele.

Sisi ni wazima. Mimi nimechoka tu, uchovu wa kawaida wa mama, mguu mmoja kwenye pedali ya cherehani na mwingine unabembeleza mtoto.

Bila shaka umesikia kwamba mkweo ametwaa mkanda wa uzito wa juu, ule uliokuwa hauna mwenyewe tangu bingwa wa zamani astaafu. Labda umesikia pia habari za viti vilivyorushwa. Nataka uyasikie kwangu, mjomba, kwa sababu mkanda ule si wetu. Nimeazimia uende kwa mwenyewe, na siwezi bila wewe.

Bado ni mimi ninayeshona utepe kwenye glovu kabla ya pambano, kama ulivyonifundisha enzi zako za ukatibu wa chama cha ndondi: mwekundu kwa bondia wa kona nyekundu, buluu kwa mwenzake. Siku ile, Jumamosi ya tarehe 28 Mei, mume wangu alipata mwekundu. Mpinzani wake ni yule mpakiaji wa bohari wanayemwita Kontena, na jina halijamwonea. Glovu zimeshafungwa, mvua ikashuka, paa la ukumbi likaanza kuvuja juu ya kona nyekundu hasa. Kontena akasema yeye maji ya mvua si kitu kwake, basi refa akawaambia wabadilishane kona, kisha akawatangazia majaji waandike kwa kufuata utepe, wasifuate kona.

Jaji wa tatu hakuwepo kusikia. Alikuwa nje anaifunika pikipiki yake turubai. Unamjua, ni yule mwalimu mstaafu wa hesabu tunayemwita Kipimo. Aliingia amelowa, akafuta miwani, akaketi, akaandika kwa kona kama alivyozoea miaka yote. Utepe wenyewe ni upana wa kidole, na macho yake unayajua.

Raundi ya nne Kontena alimpiga mume wangu ngumi ya kushoto chini ya mbavu. Akaenda chini, magoti na viganja, refa akahesabu mpaka nane. Ukumbi mzima ulihesabu. Na mimi nilihesabu, mtoto begani. Aliinuka, akapigana kiume hadi raundi ya kumi, sitamnyima sifa yake.

Wakatangaza: majaji wawili kwa mmoja, mume wangu bingwa. Ndipo viti vikaanza kuruka.

Mimi nilikimbilia mlangoni mtoto apate hewa, na pale ndipo zinapobandikwa kadi za majaji, desturi uliyoianzisha wewe. Jaji wa kwanza alimpa mume wangu tisini na tano kwa tisini na nne. Wa pili alimpa Kontena vivyo hivyo. Kadi ya tatu, ya Kipimo, ilisema nyekundu tisini na sita, buluu tisini na tatu. Nikashuka na kidole hadi raundi ya nne. Nyekundu kumi, buluu nane. Mjomba, mtu aliyekuwa sakafuni anapewaje kumi?

Niliipiga picha kwa simu. Kesho yake nikaigeuza kadi yote, nyekundu kuwa buluu na buluu kuwa nyekundu, raundi kwa raundi, ikakaa sawasawa kama nguo iliyokuwa imevaliwa ndani nje. Kontena ndiye aliyeshinda.

Mjini wanasema Kipimo alihongwa. Mtu amemwandikia MWIZI kwenye geti kwa chaki, akifuta wanaandika tena. Nilikwenda kwake nikamwonyesha ile picha. Aliiangalia muda mrefu, akavua miwani. Akasema, "Mwanangu, miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto kujumlisha elfu kwa elfu. Leo watu wawili wamenishinda." Alitaka kuandika barua ya kukiri palepale. Nikamwomba asubiri, mume wangu ajue kwanza. Sikutaka ayasikie barabarani.

Basi nikamwambia. Alijibu, "Mimi sikuandika kadi. Mimi nilipigana." Ni kweli, na hakuna anayemlaumu. Lakini nikamkumbusha miaka mitatu iliyopita alipoporwa ushindi ugenini, alivyokaa mwezi mzima anarudia video ileile mpaka uji unagandia kwenye kikombe. Nikamwambia mkuki kwa nguruwe mtamu. Akachukua taulo akatoka. Siku mbili tukawa tunazungumza kwa kumpitia mtoto: mwambie mama yako chumvi imezidi, mwambie baba yako kijiko cha sukari kipo palepale.

Kocha wake naye alinifuata karakanani, mbele ya mafundi wenzangu. "Shemeji, mwanamke gani anamvua mumewe mkanda hadharani?" Wenzangu walicheka mpaka mashine zikasimama. Jibu nililompa si la kumwandikia mjomba.

Kilichomgeuza mume wangu si maneno yangu. Ni Bibie, yule mkubwa wetu, sasa ana miaka minne. Alikuwa anacheza ndondi juu ya godoro na mtoto wa jirani. Akajiangusha mwenyewe bila kuguswa, akajihesabia mpaka nane, akasimama na mikono juu. Mwenzake akalalamika, "Si umeanguka wewe?" Bibie akamwambia, "Ndiyo. Ukianguka unashinda. Kama baba." Baba mwenyewe alikuwa mlangoni na taulo lake.

Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamwita Bibie, akamwambia polepole, "Mwanangu, baba alianguka. Aliyemwangusha ndiye aliyeshinda." Bibie akamuuliza kama aliumia. Akasema kidogo. Kisha akautoa mkanda kwenye msumari, akautia ndani ya foronya.

Siku iliyofuata alikwenda boharini peke yake. Kontena alidhani amekuja kumringia, wenzake wakaanza kukunja mikono ya mashati. Waliketi juu ya magunia, mume wangu akamweleza habari ya paa na kadi. Kontena alimwambia, "Mimi nilijua nimeshinda. Sikujua kama na wewe unajua." Nadhani maneno hayo yamemuuma mume wangu kuliko ile ngumi ya mbavuni, lakini amerudi nyumbani anatembea vizuri zaidi.

Sasa shida, mjomba. Katibu mpya anasema mkanda si ungo wa kuazimana, kwamba ukichoka nao unampa jirani. Matokeo hubadilishwa kwa kanuni tu, na ombi liwe mezani kabla ya siku thelathini kwisha, yaani tarehe 27. Saini za mabondia wote wawili ninazo. Barua ya Kipimo ninayo. Lakini anadai hajawahi kuiona kanuni inayosema utepe ndio unaofuatwa na kwamba kadi iliyoandikwa kinyume hurekebishwa. Kitabu cha kanuni cha ofisini kimeliwa na mchwa kuanzia ukurasa wa kumi na moja. Nikamwambia kanuni hiyo ipo, kwa sababu niliipigia muhuri mwenyewe.

Unakumbuka? Ulipiga chapa kitabu kizima kwenye meza yetu ya kulia, ukanipa kazi ya mihuri, na ukurasa wa kumi na nne nikaupiga kichwa chini. Nililia. Wewe hukuutupa. Ulipiga mwingine pembeni ulio sawa, ukatia saini, ukasema kosa lililosahihishwa waziwazi halimwibii mtu. Na kanuni yenyewe ilikuwa kwenye ukurasa huohuo. Nina hakika nakala yako unayo, wewe hutupi hata risiti ya viatu.

Usifikiri hainiumi. Mwezi wa nane mwenye mkanda anasafiri kwenda kupigania ubingwa mkubwa, na safari hiyo tumeisubiri miaka sita. Kaptura yake ya safari nimeishona nusu, iko hapa kwenye mashine, nyeupe yenye mstari wa dhahabu. Jana niliishika nikalia kidogo, kisha nikaendelea kushona. Ataivaa siku ya marudiano. Mume wangu ananituma nikwambie hampi Kontena mkanda kwa huruma, anampa kwa kadi, na wakikutana tena atamlaza mchana kweupe. Mimi namwamini. Ila safari hii nataka tuulete nyumbani mkanda ambao Bibie anaweza kuuchezea bila kujifunza uongo.

Nisalimie mkazamjomba, mwambie shuka la mtoto alilotuma ndilo pekee asilolitupa chini. Nisalimie binamu zangu wote wawili, hasa yule mwenye kucheka hovyo. Mungu akupe nguvu za kufungua droo zako zote, na akulinde mpaka tuonane ana kwa ana, mimi na wewe na kifaa chako masikioni.

Mpwa wako mwenye deni la barua nyingi na upendo usiopungua,
Mama Bibie

Tafadhali tuma upesi; barua yako ya mwisho ilichukua siku sita njiani. Ninahitaji ukurasa wa kumi na nne wenyewe, katibu hataki picha ya simu. Mistari michache kwa mkono wako kwamba kanuni uliiandika wewe, na tarehe. Soksi za mtoto, jozi mbili, ana miezi minane lakini mguu ni wa baba yake. Rili moja ya uzi mzito mweupe, wa huku unakatika. Na utepe wa buluu usiochuja, mita moja. Bingwa hukaa kona nyekundu, mpinzani kona ya buluu, na siku ya marudiano nitamshonea mume wangu kwa mkono wangu.