Msamaha wa Kaka Uliosomwa Mpaka Mwisho

Shosti, uko wapi? Pokea simu! Kaka yangu ameharibu kila kitu.

Unajua wifi alirudi kwao walipogombana. Leo wazazi wake wamekubali kaka aje kuomba msamaha, nami nikamsindikiza. Akasema ameandika maneno yake, atayasoma kwenye simu maana hofu itamfunga ulimi.

Akasoma! "Mke wangu, nilikunyamazia ulipoihitaji sauti yangu." Wifi akaanza kulia. Hata baba mkwe alivua miwani akafuta macho. Nikasema moyoni, yamekwisha, leo tunarudi naye nyumbani.

Kaka naye kwa kiwewe akaendelea kusoma bila kusikia anachosoma: "Je, ungependa niongeze majuto kidogo, au niufupishe ujumbe huu?"

NIONGEZE MAJUTO KIDOGO!! Mbele ya wakwe!!

Kilio cha wifi kikakatika. Wifi akauliza, "Nani amekuandikia?"

"Ile akili bandia ya kwenye simu," kaka akasema. "Lakini niliyoiambia ni ya kweli, mke wangu."

"Basi weka simu. Hayo uliyoiambia, niambie mimi."

Shosti, alifungua mdomo, neno halikutoka. Tulimngoja mpaka mama mkwe akainamisha kichwa. Wifi akainuka: "Kimashine unakiambia, mimi unaninyamazia." Akaingia chumbani, akajifungia.

Sasa kaka amepiga magoti nje ya chumba, analia. Sasa ndiyo maneno yanamtoka, anauambia mlango. Siwezi kumnyanyua peke yangu. Njoo, tafadhali.