Mbayuwayu na Mgeni wa Heshima

Jumatatu, 3 Julai 1995

Saa ya michezo. Wengine netiboli, mimi na Wawira bwawani. Viganja vimechunika tena kwa kamba. Wawira hukaa mbele na kujitupa nje kuisawazisha mashua ikilala upande. Mimi nyuma, usukani na kamba ya tanga. Leo tulipata mkia wa upepo tu. Huku upepo huamka baada ya chai ya saa nne, adhuhuri unakuwa mkali, na saa kumi na moja jioni umekwisha. Masomo yanakula sehemu nzuri yote. Jumamosi peke yake ndiyo tunaupata mzima.

Mimi ni mtoto wa Kibugu, wa majani chai na ukungu. Mwaka jana nililia waliponivalisha jaketi la kuelea. Sasa nalia nikikosa zamu.

Mashindano ya kasi ya kila mwaka ni Jumamosi tarehe 22. Mashua zinakwenda moja moja, kutoka nguzo nyekundu hadi nguzo nyeupe, na Mhandisi Njeru anapima kwa saa yake. Yeye ndiye msimamizi wa chama cha matanga hapa bwawani. Mbayuwayu ni mashua yake, ametuazima. Ameahidi mbele ya shule nzima kwamba tukivunja rekodi ya mashindano, inabaki kwetu. Tusipovunja, inakwenda kwa wavulana wa shule ya ng'ambo ya bwawa, ambao wameiomba muda mrefu. Rekodi yenyewe ni yao.

Juzi Jumamosi tuliipita. Mhandisi aliangalia saa yake mara mbili. Lakini mazoezi hayahesabiwi.

Alhamisi, 13 Julai

Hakuna bwawa wiki hii. Kwaya. Mgeni wa heshima lazima alakiwe kwa wimbo, na mimi ni sauti ya pili. Nimeimba "Karibu mgeni wetu" hadi nimechoka na huyo mgeni kabla sijamwona. Ni tajiri wa mjini Embu aliyenunua kombe jipya.

Kutoka dirisha la ukumbi maji yanaonekana. Meupe kwa mawimbi. Upepo mzuri unapita bure.

Jumamosi, 15 Julai

Angalau leo. Upepo mzima. Wavulana wa ng'ambo nao walikuja na mashua yao. Mugendi ndiye mshika usukani wao, mrefu, anajipenda.

"Sista," akaniita, "hiyo Mbayuwayu mtatuoshea lini? Tunataka ikuje ikiwa safi."

Wawira hakumpa nafasi. "Osha soksi zako kwanza. Tunazisikia kutoka ng'ambo."

Wenzake walicheka hadi mmoja akaanguka majini. Nilijifanya sijasikia kitu, lakini nilifurahi. Tuliipita rekodi yao tena, wakiwa wanatazama.

Jumanne, 18 Julai

Ratiba imebandikwa nje ya ofisi. Nimeisoma mara tatu nikidhani nimekosea.

Wageni kuketi saa tatu. Maombi. Kuwasili kwa mgeni wa heshima. Kwaya. Ngoma. Hotuba. Hotuba. Hotuba. Chini kabisa, baada ya neno la shukrani: mbio za matanga.

Jioni nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Nilibisha, nikasimama wima, nikaongea kwa adabu jinsi nilivyofundishwa. Nilieleza habari ya upepo. Niliomba mbio zitangulie, hotuba zifuate.

"Igoki," akasema, "mgeni hawezi kukuta mambo yameanza. Ni heshima ndogo tu."

"Na akichelewa, Madam?"

"Tutamngoja. Wewe ni mwanafunzi. Rudi prepu."

Nimerudi prepu. Hesabu hazipandi kichwani. Kila mtu katika shule hii anajua upepo unalala saa ngapi. Hata wapishi wanajua, ndio maana huwasha kuni za nje jioni. Nina hasira hadi masikio yana moto.

Ijumaa, 21 Julai

Mhandisi Njeru alikuja kukagua nguzo. Nilimwuliza. Anasema naye aliomba ratiba ibadilishwe, wakamwambia kombe ni la mgeni. Aliongea akitazama viatu vyake. Mtu mzima! Msimamizi wa bwawa!

Tumepiga kiraka kwenye tanga, Wawira na mimi, kwa uzi wa kushonea magunia. Kitashika.

Labda mgeni atakuja mapema. Wako watu wanaokuja mapema. Nimeomba.

Jumamosi, 22 Julai

Saa nne upepo ukaamka. Saa sita ulikuwa mkubwa kuliko siku yoyote niliyowahi kuuona. Uling'oa kamba za hema la wazazi, akina mama wakashika vitambaa vya kichwa. Mbayuwayu ilikuwa inavuta kamba yake kama ndama anayetaka kunyonya. Na mimi nimesimama na sare ya kwaya, nangoja mtu.

Mugendi alikuja kusimama karibu nasi. Hakutania. "Hii upepo, wee," alisema tu, akatikisa kichwa.

Saa saba hayupo. Saa nane hayupo. Walimu walituambia tuimbe nyimbo za kujifurahisha.

Alifika saa tisa na nusu. Magari mawili, vumbi. Tukaimba. Wakacheza. Wakaongea. Akashukuru kila mwenye cheo, na wake zao. Nilitazama bendera juu ya banda la mashua. Ilikuwa imenyooka. Kisha ikalegea. Kisha ikaning'inia kama taulo. Yeye bado anaongea maendeleo. Mwisho akageuka akatazama maji, akatabasamu.

"Naona upepo umetulia. Mungu ni mwema, watoto wetu hawatazama."

Watu walipiga makofi. WALIPIGA MAKOFI.

Tukashuka kwenye maji. Mbayuwayu ilikwenda kama bata aliyeshiba. Wawira alipiga maji kwa mkono, nikamkataza, si halali. Tulipofika nguzo nyeupe nilikuwa nalia wazi. Mugendi naye akajikokota baada yetu, akawa wa polepole kuliko sisi. Kombe tukapewa sisi. Kombe! Rekodi haikuguswa na mtu, kwa hiyo mashua inakwenda kwao.

Mgeni alinipa mkono na hilo kombe lake. "Hongera, msichana wangu. Una neno?"

Nilikuwa nalo. "Mheshimiwa, mbona ulichelewa?"

Maikrofoni ilikuwa karibu. Uwanja mzima ulisikia. Mgeni akacheka peke yake. Mwalimu Mkuu hakucheka.

Jumapili, 23 Julai

Kanisani nilikalishwa mbele. Adhabu: kufyeka nyasi zote za upande wa bwawa, na kuleta mzazi. Wawira anasema wasichana wa kidato cha nne wananiita "Mbona Ulichelewa".

Sijutii. Nimejaribu kujuta wakati wa maombi, haikuja. Hasira bado ipo, imekaa tumboni kama ugali baridi. Nilifundishwa kufika mapema, kusema kweli, na kuheshimu wakubwa. Hakuna aliyeniambia nifanye nini mambo hayo matatu yakikataa kukaa pamoja.

Jumatano, 26 Julai

Baba amekuja. Ameacha kuchuma chai, na leo ilikuwa siku ya kupeleka majani kituoni. Alikaa ofisini na kofia magotini, akamsikiliza Mwalimu Mkuu hadi mwisho. Kisha akaniuliza kwa Kiembu, taratibu, kama mimi na yeye tuko shambani:

"Ni kweli alichelewa?"

"Ni kweli, Baba."

"Na ni kweli wewe ni mtoto?"

"Ni kweli."

"Basi kafyeke nyasi."

Langoni alinipa ndizi mbivu kutoka mfukoni. Sijui kama amekasirika. Nadhani hajakasirika na mimi.

Ijumaa, 28 Julai

Nimefyeka tangu asubuhi. Wavulana walikuja kuchukua Mbayuwayu. Lori lao lisingeweza kushuka upande wetu, likabaki ng'ambo, na upepo ulikuwa umeshaamka. Mugendi aliitazama ile mashua, akatazama mawimbi. Akasema haijui, hangetaka kuipindua siku ya kwanza. Mhandisi akapanda hadi niliposimama, akamwomba mwalimu wa zamu ruhusa mimi na Wawira tuivushe, kisha yeye na wavulana wakatangulia kwa miguu. Nikaweka panga chini.

Njia ya ng'ambo inafuata zile zile nguzo mbili za mbio. Tulipofika nyekundu Wawira alijitupa nje, tanga likajaa, kile kiraka kikashika. Akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti. Nikamwambia aache. Akaacha. Baada ya hapo ni maji tu na ule mlio wa ubao unaotetemeka chini ya miguu, hadi nguzo nyeupe ikapita.

Ng'ambo Mugendi alishika kamba, akatuvuta.

"Rekodi yetu imeenda," alisema.

"Hakuna aliyepima."

"Mimi nimeona."

Mhandisi anasema mwakani mbio zitaanza saa tano, na mgeni atatukuta majini. Alisema akinitazama usoni. Tutaona.

Nilimwonyesha Mugendi kamba inayokwama na jinsi ya kuilegeza. Nikamwambia kiraka kisikaushwe juani. Alisikiliza vizuri.

Tulirudi kwa miguu kupitia ukingo wa bwawa. Nyasi zimebaki upande wa jikoni.