Kizibo cha Mpingo

Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.
Jumanne, 15 Novemba 1983

Dada yangu Bernadeta,

Shikamoo dada. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Kile kikohozi cha Fransis kimeachia? Mie mzima, nakula, nalala, ila naandika mbiombio maana maneno ni mengi na karatasi nimepata mbili tu.

Barua yako imefika. Umeniuliza kama kweli nimekuwa mwizi wa petroli kazini, kwa sababu Leodegar kaandika habari hizo huko Ndanda na watu wanazisema mpaka mlangoni pa kanisa. Jibu langu hili hapa: sikuiba hata kijiko. Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Leodegar ndiye alikuwa fundi mkuu wa gereji ya shirika letu hapa Chang'ombe, na mie nilikuwa chini yake. Meneja wetu ana gari alilorudi nalo kutoka masomoni Amerika. Chini ya boneti lina kopo jeusi limejaa chenga za mkaa, na mpira mrefu unatoka kwenye tangi la petroli unaingia kwenye kopo hilo. Leodegar hakulijua. Akasema Wamarekani wanafuga takataka, akaling'oa, akalitupa, mpira akauacha unaning'inia wazi.

Haikupita wiki gari likaanza kunuka petroli. Linajazwa Ijumaa, linashinda juani, Jumatatu ukichovya kijiti tangini mafuta yamepungua. Na petroli ya siku hizi, dada, unaijua ilivyo adimu. Leodegar akasema mie ndiye nanyonya.

Mie nilikuwaga najisomea kitabu kimoja cha magari kisicho na jalada, neno moja leo, jingine kesho, na kamusi pembeni. Nikaelewa kwamba petroli ikipata joto inageuka mvuke, na kazi ya ule mkaa ni kuushika mvuke, mpaka injini ikiwaka iufyonze na kuuchoma. Nikataka kuhakikisha. Nikachomoa mpira kule nyuma kwenye tangi, nikaenda kuvuta sigara nje ya ukuta, nikarudi mbio mashavu yamejaa moshi, nikapuliza. Moshi ukatokea mbele chini ya boneti, wote. Basi petroli ilikuwa inapitia pale pale.

Nikayasema hayo kwenye mkutano wa wafanyakazi. Leodegar akauliza kama kuna ndugu yeyote aliyewahi kuona petroli ikiota mabawa, halafu akaniita Profesa wa Moshi. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Siku hiyo hiyo nikafukuzwa, nikanyang'anywa na kitambulisho cha kazi. Na bila kitambulisho mjini hapa, wakati huu wa Nguvukazi, ukikamatwa unapandishwa lori unapelekwa kijijini kulima. Wiki tatu nimeishi kwa kuruka ukuta wa uani kila nikisikia mgambo. Mie, dada, mwenye ufundi mikononi.

Halafu Mungu akatenda. Meneja alisafiri, gari likabaki kwa Leodegar. Siku ya Jumapili alilichukua asubuhi akaenda nalo Mbweni kuwaringia wakwe. Unajua magari yamekatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Yeye alijua atawahi. Lakini njiani kurudi, karibu na Wazo, gari likazima. Akafungua kabureta, akapuliza, akafunga. Likawaka, likaenda kidogo, likazima tena. Nasikia aliifungua kabureta ile mara nne. Saa nane ikamkuta barabarani na shati la kanisani limejaa grisi, na polisi wakamkuta na gari la Meneja, mkewe Mwanaasha yuko nyuma anajipepea.

Gari likavutwa mpaka gereji, hakuna aliyeliweza. Meneja aliporudi safari, mlinzi, Mzee Audax, akamnong'oneza kwamba yule Profesa bado yuko Mtoni. Nikaitwa. Wote wamesimama, Leodegar naye. Sikugusa spana. Nilifungua kifuniko cha tangi tu, likavuta hewa kwa sauti kama mtu aliyezama anayeibuka. Nikawasha, likawaka. Nikawaeleza kwamba kifuniko cha gari hilo hakina tundu, tangi linapumua kwa mpira peke yake, na mtu ameuziba. Nikauchomoa mpira, nikawaonyesha kizibo. Kopo nililikuta kwa Mama Anjelina wa kantini, anatilia chumvi. Nikaliosha, nikaponda mkaa, nikauchekecha, nikalirudisha mahali pake. Tumechovya kijiti siku nne mfululizo, alama haijashuka.

Basi nimerudishwa kazini na jina langu limesafishwa mbele ya mkutano ule ule. Leodegar kafukuzwa, na mie nakaimu kiti chake. Waambie hayo watu wa Ndanda.

Sasa la mwisho, dada, na hili ni lako peke yako. Kizibo kile nilikichonga mie. Jumamosi ile, usiku wa kuamkia safari yake ya Mbweni, nilikwenda Keko anakoishi, Leodegar yuko kilabuni, nikaingia chini ya gari. Kilikuwa cha mpingo, kipande nilichookota kwa mjomba Apolinari kwenye vinyago vyake, cheusi kama mpira wenyewe. Nilipowaonyesha sikusema ni cha nani. Wakaamua wenyewe kwamba fundi mkuu aliziba ili kuficha harufu. Leodegar alikiangalia kizibo, akaniangalia mie, akajua. Akaapa kwa mama yake. Nani atamsikiliza mtu aliyekamatwa Jumapili?

Juzi kakamatwa Keko na mgambo, hana kitambulisho. Jana Mwanaasha alikuja gereji na mtoto mgongoni. Alisema kituoni wanataka barua moja tu ya gereji, kwamba huyu ni fundi na anahitajika, watamwachia. Aliniita shemeji. Nilimwambia aje Ijumaa.

Sijaiandika. Kalamu ninayo, muhuri ninao, na karatasi hii ya pili ndiyo ingetosha, nami nimeijaza kwa ajili yako.

Nisalimie shemeji sana, na majirani wote, hasa wale walioisoma ile barua ya Leodegar. Fransis mpe asali na ndimu. Najua ungepata habari hizi mapema ungenipigia simu ya maandishi kuniambia nimsamehe, nami sijawahi kukukatalia neno. Lori la kwenda kijijini linaondoka Alhamisi alfajiri. Barua hii naitia posta Ijumaa.

Mdogo wako akupendaye,
Albano