Chumba cha Chini, Kivinje

Mwanaima, maji yameingia chumbani. Si ya mvua. Yanapanda kutoka sakafuni, nayaona kwa macho yangu.

Kile chumba cha chini ya duka nilichokusifia, shoga, cha kushuka ngazi sita. Maji yako magotini, na mwanangu Romana amejifungua juzi tu.

Nikamkimbilia mwenye nyumba, Mzee Likwata. Anakunywa kahawa na wenzake.

"Ulikuja kukitazama siku za maji mafu, bahari haijai sana," akasema. "Leo bamvua, bahari inajaa kupita siku zote. Ninyi watu wa Kipatimu bahari hamuijui?"

Bahari hatuijui. Wakacheka wote.

Nikamwuliza mbona hakuniambia. "Alama ya maji ilikuwa ukutani, mama. Imefika kiunoni."

Mwanaima, alama ile niliiona. Niliipaka chokaa kwa mkono wangu, nikidhani ni uchafu, wageni wasije wakanisema.

Kiunoni, amesema. Na maji bado yanapanda.

Tuko ngazi ya juu kabisa, mimi, Romana na kichanga ndani ya kanga moja. Najua mumeo hapendi nyumba ijae watu. Mwambie tunakuja hivyo hivyo. Esha anayekuletea karatasi hii ameshabeba godoro.