Mama Yako Hakula Kamongo

S.L.P. 1174,
Nyegezi, Mwanza.
16 Novemba, 1997.

Mpendwa mwanangu Prudencia,

Marahaba, mama. Barua yako ilikaa posta wiki mbili kabla sijaifuata, nisamehe. Huko Songea baridi imepungua? Watoto wa darasa la tatu bado wanakusumbua? Hapa mvua za vuli zimeanza. Mke wangu Evelina mguu unamuuma lakini anatembea. Mimi nipo. Hali yangu nitakueleza huko chini, ndiyo sababu hasa ya kukuandikia.

Umeniandikia kwamba tangu Agosti unaharisha damu, tumbo linakunyonga kila ukila, na sketi zimeanza kukuvuka. Kwamba umeacha samaki wa kila aina, hata dagaa. Na kwamba Krismasi utakwenda nyumbani Kamachumu ili Mzee Rweyongeza na wazee wa ukoo wakusafishe, kwa sababu kosa la mama yako limekufuata. Nimeisoma mara nne. Prudencia, usiende.

Wewe unajua habari hizi kama nilivyokupa mimi. Kwamba ukoo wetu hatuli samaki huyu kamongo, ni mwiko tangu mababu. Kwamba mama yako Kokushubira aliolewa na baba yako Luhaga, mfanyakazi wa pantoni pale Kigongo, kwa Wasukuma wanaokausha kamongo mlango kwa mlango. Kwamba baba yako akamlisha kwa siri, mwiko ukamkata matumbo, akafa. Umekua na maneno hayo, na kwa ajili hiyo mpaka leo humwiti baba yako baba. Ni uongo, na mimi ndiye niliyeukuza.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa mimi mwenyewe niliharisha damu miezi saba. Kamongo sijawahi hata kumshika. Lakini nilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume, kibanja cha baba, shamba lake la migomba, kilikuwa kinaningoja, na kwetu aliyevunja mwiko harithi. Nikaficha. Aliyejua ni mmoja tu, mama yako. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa anachukua kaptula zangu alfajiri, anakwenda kuzifua kisimani kabla wanawake hawajafika. Ugonjwa ukapoa wenyewe. Hakumwambia mtu.

Mwaka 1983 ulipomkamata yeye, baba yako alitaka kumleta hospitali Mwanza. Alikuwa ameshapata lori la pamba la kumbeba. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni nikamwambia, “Luhaga, haya ni mambo ya ukoo wetu. Wewe shughulika na pantoni lako.” Nikampandisha meli, nikampeleka nyumbani.

Wazee wa ukoo wakamweka kati. Mzee Rweyongeza akasema, “Msukuma kakuoa, kamongo kakulisha, sasa umerudi kutuchafulia migomba.” Watu wakacheka. Wakamtaka akiri. Siku mbili alikataa. Siku ya pili mchana nilimpelekea maji nyuma ya nyumba, akaniuliza taratibu, wala hakuwa na hasira:

“Kaka, na wewe mwaka ule kamongo ulimla wapi?”

Nikamwambia, “Nyamaza, Koku.”

Tuliporudi mbele ya watu alinitazama mara moja tu, halafu akasema, “Haya, nimekula. Nipeni hiyo dawa yenu nipumzike.” Alikuwa na nafasi ya kunitaja. Hakunitaja.

Dawa yenyewe ni ya kuharisha, eti mwiko utoke. Mtu anaharisha damu, sisi tukampa dawa ya kuharisha. Kichwa nilimshika mimi, na kibuyu nikakishika mimi. Siku ya nne tukamzika, na mimi nikasoma somo kanisani kwa sauti nzuri.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Nilikuchukua, nikakusomesha, watu wakanisifu sana. Haikuwa huruma, mwanangu. Ulikuwa woga.

Sasa habari yangu. Tangu nilipopunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika napima samaki kwenye kiwanda cha minofu. Mwezi wa tano nilianguka kazini nikiwa mbele ya mizani. Ugonjwa ule ule, umerudi baada ya miaka thelathini na moja. Hospitali siku hizi hata glavu unakwenda nazo mwenyewe. Evelina akazinunua, nikalazwa. Daktari ni mama mmoja anaitwa Wilhelmina, alinipima kwa mpira wenye taa, aibu yake siwezi kuiandika. Nilipomweleza habari za mwiko alicheka, akasema, “Mzee, mwache kamongo wa watu. Hana kesi hapa.”

Akanieleza, nami nakuandikia nilivyoelewa. Tumboni mwa kila mtu, mzima na mgonjwa, wanaishi bakteria, wale wadudu wasioonekana, hawana hesabu. Wengi wao hawana ubaya, wanatusaidia kusaga chakula. Miili ya wengine imewazoea. Mwili wa mtu kama mimi unawaona ni adui, unawapiga, na kwa kuwa hawamaliziki, basi na vita haviishi, na unaoumia ni utumbo. Nikamuuliza kwa nini mimi na sio jirani yangu. Akasema kuna kitu tunazaliwa nacho, kinatoka kwa wazazi, kinatembea kwenye ukoo. Sio kila anayekirithi anaugua. Ukoo unakupa kuni kavu, alisema, lakini moto unatoka kwingine: pengine chakula, pengine kuhara kulikotangulia, pengine dawa zinazomezwa ovyo, pengine hao bakteria wenyewe wakibadilika. Akasema hata huko Ulaya bado wanatafuta. Dawa ya kuumaliza hakuna. Ya kuutuliza ipo. Mimi nimeimeza, na damu imekata.

Kwa hiyo mama yako pengine angekuwa hai leo, na lori lilikuwa nje linangoja.

Mwezi uliopita nilimwandikia Mzee Rweyongeza yote haya. Alinijibu mstari mmoja: “Aliyekufa hafufuki, na kibanja unacho, unatafuta nini?”

Nenda hospitali, Prudencia, wiki hii hii. Usinywe mizizi ya mtu. Usimeze vidonge vya dukani pia, maana siku hizi maduka ya dawa yako kila kona na anayeuza anaweza kuwa mtu yeyote. Waangalie kwanza kama sio amiba. Kama sio, wachunguze zaidi, hata kama itabidi uje huku kwa mama Wilhelmina.

Krismasi nitakwenda mimi. Nitakaa pale walipomkalisha mama yako, nitasema nilichoficha. Wakitaka kibanja wachukue. Kabla ya hapo, Jumapili ijayo, nakwenda Kigongo kwa baba yako. Sijui kama atanifungulia.

Msalimie Getruda unayekaa naye, mwambie akusindikize hospitali. Evelina anakusalimu, na wanangu Yakobo na Hellen pia. Nimewaambia na wao wawe wanaangalia choo chao, wakiona damu waseme bila aibu.

Mungu akutunze na akupe nguvu. Msamaha sikuombi. Aliyekuwa nao ameondoka nao.

Jambo moja tu. Daktari atakuuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo mwenye ugonjwa huu. Usimtaje marehemu peke yake. Mwambie, “Na mjomba wangu anao, yuko hai, aliuficha,” na jina lake ndilo hili.

Mjomba wako, akupendaye kwa kuchelewa,

Projest Bagenda