William Aliyezikwa na William Aliyevuka Bahari

Auchindorrie,
karibu na Huntly,
Uskoti.
10 Machi 2019

Mpendwa binamu Nola,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Natumaini hujambo, na kwamba jua la huko Dunedin, ng'ambo ya bahari, bado mnalo. Mguu wa mama yako je, unaendeleaje? Wakati wa Krismasi uliniandikia kuwa Mama Mavis sasa anatembea kwa fimbo, na kwamba anaulizia mambo ya zamani kuliko anavyoulizia chakula. Neno hilo limenikaa moyoni tangu siku ile.

Sisi huku wazima. Theluji ilikaa wiki mbili, imeondoka juzi. Mama yangu Jean ametimiza miaka tisini na moja. Masikio yamechoka lakini ulimi haujambo. Bado anajikorogea uji wake wa shayiri na kuutia chumvi, na bado ananigombeza, mimi mwanamke wa miaka sitini, kwamba nimetoka bila sweta.

Kabla ya habari nzuri, nianze na ile inayonitia aibu. Mama yako aliposafiri kuja kwetu mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwepo jikoni. Alikuja na cheti cha kifo cha babu yake William Riach, aliyevuka bahari akafia huko kwenu, kilichoandika kuwa wazazi wake ni John Riach na Isobel Geddes wa hapa Auchindorrie. Alitaka jambo moja tu, aweke maua kwenye kaburi lao. Mama akatoa daftari lake la bluu la ukoo, analolitunza kuliko vyombo vya kaure, akasema, "William wetu alikufa ana miaka miwili. Wa kwenu mtafuteni kwingine." Mama yako akaondoka na maua yake mkononi. Nami nilinyamaza.

Barua yako ya kwanza ilipofika miaka miwili iliyopita niliazima lile daftari nikaanza kulikagua. Kuuliza si ujinga, na tangu nistaafu posta nina muda wa kuuliza hadi watu wanikimbie. Nikakuta mama hakusema uongo. Sensa ya 1841 inawaonyesha John na Isobel na watoto wawili, Alexander wa miaka mitatu na William wa mwaka mmoja. Kisha, Agosti 1842, kitabu cha kanisa kinasema John Riach aliazimwa kitambaa cha kufunikia jeneza, kile kidogo, cha mtoto. Sensa ya 1851 inafika kwenye nyumba ileile na haina William. Mtu yeyote angefunga daftari hapo.

Lakini kuna kitu kilinikera. Unajua watu wetu walivyokuwa na majina. Mtoto wa kiume wa kwanza anaitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Baba yake Isobel alikuwa William Geddes, na mwaka 1842 mzee alikuwa hai na mwenye nguvu zake. Binti gani wa siku zile angeacha jina la baba yake lilale kaburini, naye baba mwenyewe anamtazama? Mtoto akifa, jina lilipewa anayefuata. Isitoshe, Isobel alizaa karibu kila baada ya miaka miwili, halafu kitabu cha ubatizo kinamnyamazia kuanzia 1842 mpaka 1847. Mwanamke yule hakuwa wa kupumzika miaka mitano.

Nililala na swali hilo miezi mingi, naona haya hata kukuandikia. Nikaamka nalo siku moja Januari nikakumbuka 1843. Mwaka ule kanisa lilipasuka pande mbili, wachungaji wakatoka na watu wao, wakasali ghalani na penye upepo. Watoto wa waliotoka hawakuandikwa kwenye kitabu cha parokia; waliandikwa kwenye kitabu chao wenyewe. Mama hakuwahi kukigusa kitabu hicho, wala isingempitia akilini kukigusa. Kwake yeye Riach ni watu wa kanisa la zamani tangu Nuhu ashuke safinani.

Basi nikapanda treni hadi Edinburgh, kwenye jumba la kumbukumbu. Mzee anayetoa vitabu alinitazama, akaniuliza nimejuaje kwamba nije huko, maana wengi huishia kitabu cha kwanza. Nikamwambia nina mama mbishi, basi nimezoea kutafuta njia ya pili. Kitabu chenyewe ni chembamba, kina doa la nta. Ukurasa wa nne: tarehe 3 Machi 1844, William, mwana halali wa John Riach na Isobel Geddes, Auchindorrie, amebatizwa ghalani. Nola, nililia mbele ya watu nisiowajua, na sikuona haya.

Kwa nini walirudi kanisa la zamani mwaka 1847, sijui kwa hakika. Nadhani ni kumwogopa mwenye ardhi, asiyelipenda kanisa jipya. Aliyepangishwa shamba hana mdomo. Naona waliporudi walimeza ghala lile na yote yaliyotokea ndani yake.

Na 1851? Nilimfuata mzee Geddes kwenye sensa ya parokia ya jirani. Yumo, fundi wa mapipa, na chini yake: William Riach, mjukuu, miaka saba, anasoma shule. Yule mtoto alikuwa akilelewa na babu yake. Ulishawahi kuniuliza babu yenu alijifunza wapi kutengeneza mapipa, wakati Riach wote ni watu wa jembe. Sasa unajua.

Kwa hiyo babu wa mama yangu na babu wa mama yako ni ndugu wa tumbo moja. Niliporudi nilimwekea mama nakala mezani. Aliisoma kwa kioo cha kukuza mara tatu.

"Ghalani?" akauliza.

"Ghalani, mama."

Akakiweka kioo juu ya nakala. Kisha akasema, "Yule Mavis. Nilimpa chai?"

"Ulimpa. Hakuimaliza."

Sijawahi kumsikia mama yangu akiomba radhi tangu nizaliwe, na siku ile pia hakuomba. Ila asubuhi yake alinitaka nilete bahasha ya mazishi yake. Huku kwetu wafiwa wenyewe ndio hushusha jeneza. Kila mmoja anashika kamba yake, na kila kamba ina namba kulingana na ukaribu wa damu. Mgeni hapewi kamba, hata awe rafiki wa miaka hamsini. Watu wamenuniana vizazi viwili kwa sababu ya namba. Mama ana orodha yake tayari, ameiandika kwa wino. Alikata jina kwenye kamba ya tatu, akaandika: Mavis Riach, Dunedin. Kisha akaniambia nitafute bei za ndege.

Njooni kiangazi cha huku, wote wawili, mama yangu akiwa bado hai. Maua yatapatikana hapahapa, na kaburi la John na Isobel nimelisafisha mwenyewe.

Wasalimie mumeo Graeme na wanao wote. Mama yako mpe salamu za mama yangu neno kwa neno, kama nilivyoagizwa: "Mwambie aishike fimbo yake vizuri. Asinitangulie."

Mungu awalinde njiani mpaka mlango wetu.

Ni mimi ndugu yako, na sasa ninao ushahidi, nikupendaye,

Elspeth