Mabingwa Tutawashusha

Mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye bila yeye mbio za magari zingekuwa mbio za punda. Mwambie mama yako shati alilonishonea linabana kifuani; nadhani ni sifa zimejaa.

Umeniandikia, "Mjomba, wale mabingwa hawashindiki, rudi nyumbani utafute kazi nyingine." Sirudi ng'o! Wamebeba kombe misimu mitano, lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Tajiri wetu kasema tusipowashinda Jumapili hii anafunga gereji. Nikamjibu, "Bosi, wewe nunua kabati la kuwekea kombe."

Mikono yangu kwenye tairi ni radi. Jumapili iliyopita, katikati ya mbio, gari jekundu lilisimama mbele yangu kubadilishwa tairi, nikafunga tairi jipya kabla dereva hajameza mate. Likatoka likashinda!

Jumapili hii nitafunga vilevile, ila nitainua kichwa kwanza. Maana, na usimwambie mama yako, letu jekundu na lao jekundu. Dereva wao alikosea kituo akasimama kwetu, nami nikawafungia mabingwa tairi letu.

Ni mimi mjomba wako,
Radi wa Spana